Koti na Pacha Wake

Jumatatu, 4 Machi

Duniani wapo watu watatu wanaoweza kufufua karatasi iliyokufa. Wa kwanza ni mimi. Wa pili bado hajazaliwa. Wa tatu ni Mjomba, na yeye nimemtia kwenye hesabu kwa sababu karakana ni yake na wali ninaokula ni wake.

Naandika haya kwa amri. Mjomba amesema kuanzia leo kila kinachofanyika karakanani kiingie kwenye daftari hili, kila siku, hata kama ni mstari mmoja, na kila Jumamosi baada ya chai binti yake atatusomea kwa sauti. Anasema mikono yangu ina haraka na mdomo wangu ndiyo usiseme, labda kalamu itanipunguza mwendo. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, tulikuwa hatuelewani. Binti huyo, ambaye mimi namwita Dada, anasomea ualimu. Kwa hiyo, Dada, ukikuta kosa la herufi humu, pita kimya kimya. Usisimame katikati ya hadithi kama gari bovu.

"Hadithi?" Mjomba atasema hapo. "Nimetaka taarifa ya kazi."

Inakuja, Mjomba. Kazi yetu, kwa asiyejua, ni hii: kitabu cha zamani kina jalada gumu, na juu ya jalada gumu kinavaa karatasi yenye picha na jina, imekunjwa masikio mawili ya kuingia ndani. Karatasi hiyo sisi tunaiita koti. Kitabu kinaweza kuishi miaka sitini, koti lake linachoka mapema. Linachanika mgongoni, linapauka, mende wanalila, watoto wanalichora masharubu. Sisi tunalisafisha, tunaliunga, tunalitia viraka, na likishindikana kabisa tunalitengeneza upya. Mjomba amefanya kazi hii miaka thelathini. Mimi miaka miwili. Tumekaribia kulingana.

Mvua imeanza leo mchana.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Nimepika gundi ya unga wa ngano. Haina hata donge moja. Mashahidi wapo.

Alhamisi, 7 Machi

Leo amekuja Mkunga. Amestaafu siku nyingi, lakini nusu ya mtaa huu imepita mikononi mwake, mimi nikiwemo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe nakukumbuka. Wenzako hutoka wakilia. Wewe ulitoka unaongea."

Mjomba alicheka mpaka akavua miwani. Ndiyo maana yeye huniita Redio, na sasa anadhani amepata ushahidi wa kitaalamu.

Mkunga alitoa mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko taulo, ndani ya taulo kitambaa, ndani ya kitambaa kitabu cha hadithi za watoto. Nilitegemea kitu cha ajabu. Kilikuwa kitabu cha kawaida, na koti lake lilikuwa na hali mbaya: mgongo umekwisha, sikio moja linaning'inia, matundu saba ya mende. Lakini ile picha. Msichana wa miaka tisa hivi amesimama kwa mguu mmoja kizingitini, amevua kiatu, anakikung'uta kokoto. Ulimi umetoka kidogo pembeni, kama mtu anayefanya kazi ngumu.

"Huyo ni mimi," alisema Mkunga. "Kaka yangu alinisimamisha hivyo asubuhi nzima. Nikimwambia mguu umekufa ganzi ananiambia, 'Usijali, nauchora wenyewe ukiwa mzima.'"

Kaka huyo alikuwa mchoraji. Alifariki akiwa na miaka ishirini na sita. Michoro yake mingine yote maji yaliichukua yalipoingia nyumbani kwao. Nakala nyingine za kitabu hiki Mkunga ameziona mbili tu maishani, zote uchi, bila koti. Kwa hiyo mkono wa kaka yake, hapa duniani, umebaki kwenye karatasi hii moja.

"Ninahama," alisema. "Nakwenda kuishi kwa mwanangu. Mvua ikikatika na barabara ikikauka, gari linakuja kunichukua. Nataka nisafiri naye akiwa amevaa vizuri."

Mjomba alipokea koti kwa viganja viwili, kama anapewa mtoto. Akasema, "Utasafiri naye."

Jumamosi, 9 Machi

Daftari limesomwa. Dada alisimama mara kumi na nne kama gari bovu. Alipofika penye "tumekaribia kulingana" Mjomba alinitazama juu ya miwani, kisha akanirudishia sheria ya karakana, na hii nimeambiwa niiandike yote.

Koti la asili halikatwi. Kwanza linatengenezewa pacha. Unalipitisha kwenye skana, unalichapa kwa ukubwa uleule pamoja na matundu na machaniko yake, kisha unamkata pacha vipande vipande kwenye kila kunjo na kila tundu. Vipande hivyo ndivyo vipimo vya kukatia viraka. Koti lenyewe linabaki limelala kwenye faili la bluu. Pacha anakaa faili la kijivu. Na pacha hatoki kwenye mashine kabla hajapigwa muhuri mwekundu mgongoni: PACHA.

"Muhuri kwanza, maringo baadaye," alisema Mjomba.

Dada akaongeza, "Iandike mara mbili hiyo."

Muhuri kwanza, maringo baadaye. Basi, roho yako imetulia?

Jumanne, 12 Machi

Pacha wa siku zote huchapwa kwenye karatasi nyeupe ya dukani. Anafanana na koti kama mimi ninavyofanana na askofu. Nimeamua huyu nimfanye awe pacha kweli.

Kwenye boksi la vitabu visivyotibika nimepata atlasi kuukuu yenye kurasa mbili tupu mwishoni, kubwa, za manjano, umri uleule na koti la Mkunga. Hiyo ndiyo karatasi.

Alhamisi, 14 Machi

Nimechapa. Rangi ilikuwa mpya mno, nikaipaka chai ya rangi kwa brashi, mara tatu, nikaianika, nikaipiga pasi chini ya kitambaa. Kisha nikachukua wembe nikawa mende kwa saa tatu. Matundu saba, kila moja na meno yake. Mgongo nimeuchana kwa kucha ili uwe na nyuzi. Sikio nimelining'iniza.

Dada alikuja kuchungulia. "Yupi ni yupi?"

"Ndiyo nakuuliza wewe, mwalimu."

Akaonyesha. Akakosea. Leo nitakula nikiwa nimesimama ili kila mtu anione.

Jumamosi, 16 Machi

Dada aliposoma hayo Mjomba aliuliza jambo moja tu. "Umempiga muhuri?"

Nikasema wino unaweza kupenya upande wa pili, karatasi bado ina unyevu.

"Piga muhuri, Redio."

"Ndiyo, Mjomba."

Jumapili, 17 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimelala kama gogo.

Jumanne, 19 Machi

Jioni Mjomba aliwatoa wote wawili, koti na pacha, akawalaza bega kwa bega chini ya taa ya meza. Aliwatazama muda mrefu. Mimi nilisimama nyuma yake nikisubiri. Nilikuwa nimeshaandaa na uso wa kupokea sifa, ule wa unyenyekevu.

"Chai imezidi kidogo upande wa kushoto," alisema. Akawarudisha kwenye mafaili.

Basi. Siku tatu za kazi, maneno sita.

Jumatano, 20 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi ilinyesha mvua ya kupasua mabati. Mjomba alikaa mezani akatoa faili la kijivu, akatandika kilichomo kwenye ubao, akachukua kisu. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma. Paa lilikuwa limeanza kuvuja juu ya rafu ya vitabu vya wateja, nikawa napiga mbio na ndoo, nahamisha vitabu vinne vinne kifuani. Kwa kelele za mabati hata ungeitwa usingesikia.

Niliporudi alikuwa ameshamaliza kukata. Vipande kumi na moja, vimepangwa kwa mstari, ukingo safi kama kawaida yake. Lakini hakuwa anapima. Alikuwa ameshika kile kipande chenye mguu wa msichana, kisu kimepita kwenye kifundo, anakisugua kwa kidole gumba. Kisha akakipeleka puani.

"Haina harufu ya chai," alisema.

Akakirudisha kwenye mstari.

"Leta lililo kwenye faili la bluu."

Nikaleta. Akanusa. Akalilaza taratibu, akaketi akitazama mikono yake kama mikono ya mtu aliyekaa naye meza moja bila kutambulishwa.

"Jana niliyatoa yote mawili," alisema. "Nimeyarudisha kombo. Na leo nimelitazama, nimelishika, nimelikata kutoka mwanzo mpaka mwisho, sikujua." Akageuza vipande. "Muhuri uko wapi?"

Nikasema ukweli, kwamba sikumpiga muhuri pacha. Kwamba nilikuwa naogopa wino utamharibu.

"Hilo ni kosa lako na tutalizungumza. Lakini mtu wa miaka thelathini hahitaji muhuri, mwanangu. Mkono ulitakiwa ujue. Macho yalitakiwa yajue." Akavua miwani. "Macho yangu yamekwisha."

Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo, maji yananichuruzika miguuni. Walifanana sana. Ndivyo ilivyotokea.

Alhamisi, 21 Machi

Mjomba alikataa kumwita Mkunga aje. Alisema habari kama hii mtu huifuata mwenyewe. Tukaenda kwa miguu, mvua inatupiga, mwavuli ameusahau na mimi sikuthubutu kumkumbusha. Nyumba ya Mkunga imeshajaa maboksi yaliyofungwa kamba. Kitabu kisicho na koti kilikuwa juu ya boksi la mwisho, kinamngoja mwenzake.

Mjomba hakuketi. "Nimelikata koti lako, dada. Nilidhani ni pacha. Nimelikata mimi, kwa mkono huu. Kijana hakuwemo chumbani."

Mkunga hakupiga kelele. Aliweka kiganja juu ya kile kitabu. Kisha akauliza, kwa sauti ya kazini:

"Vipande vyote vipo?"

"Vyote. Kumi na moja."

"Hakuna kilichopotea?"

"Hata uzi."

"Basi hajafa. Kaa chini, umelowa." Akamsukumia kiti. "Miaka arobaini nimeshika vitu visivyo na nafasi ya pili. Uso wako huo nimewahi kuuvaa. Nitakulaumu nikishakauka machozi, leo sina nguvu. Mvua bado ipo. Rudini mkaunge."

Njiani Mjomba alitangulia. Mimi nilimfuata. Karibu na nyumbani akasema, "Redio imekatika leo."

Nikasema ni mvua.

Ijumaa, 22 Machi

Mjomba amejaribu kuunga kipande cha kwanza na cha pili. Alipakaza gundi, akainua kipande kwa kibanio, mkono ukatetemeka. Akapumzika, akarudia. Ukatetemeka tena. Miaka miwili sijawahi kuona mkono ule ukitetemeka, hata siku Dada alipolazwa.

Akaweka kibanio mbele yangu. "Fanya wewe."

"Mjomba, mimi..."

"Ulisema tumekaribia kulingana. Fanya."

Akahamia kiti cha dirishani, akanipa mgongo.

Jumamosi, 23 Machi

Daftari limesomwa. Dada aliisoma ya Jumatano mpaka mwisho. Mjomba akasema, "Ameandika vizuri. Ndivyo ilivyokuwa."

Chai yangu ilipoa.

Jumatatu, 25 Machi

Nimeapa. Msichana huyu atasimama kwa mguu wake mwenyewe kabla barabara haijakauka. Sijigambi, natoa taarifa ya kazi.

Namna yake ni hii. Unalaza vipande viwili kifudifudi kwenye kioo, unavisogeza mpaka vigusane bila kupandana, nafasi ya unywele. Unakata utepe wa karatasi ya shashi, nyembamba mpaka unaona kidole chako kupitia kwake. Unaupaka gundi nyepesi kama maziwa, unaulaza juu ya ungio, unakandamiza, unaacha ukauke. Kavu, siyo "karibu kavu". Ukiinua mapema, kunjo linabenuka na mchoro unapishana.

Sasa mwambie mtu akaushe karatasi kwenye mvua hii.

Jumanne, 26 Machi

Moja na mbili zimeshika.

Jumatano, 27 Machi

Hazikushika. Nimezilowesha, nimezitenganisha, naanza upya.

Alhamisi, 28 Machi

Upya tena.

Jumanne, 2 Aprili

Moja, mbili na tatu zimeshika kweli. Nimezilaza chini ya kioo na matofali manne niliyoyavika vitambaa. Ukuta wa karakana unatoa jasho. Asubuhi nimekuta doa la kuvu kwenye kipande cha nane, dogo kama kichwa cha pini. Nimelifuta kwa pamba kwa saa nzima, mkono hauna haki ya kuchoka.

Jumamosi, 6 Aprili

Baada ya kusoma, Dada aliniuliza nikiwa naosha vikombe: "Mbona siku hizi huandiki majigambo?"

"Nina kazi."

"Wewe? Hata ukiwa na homa huwa unajisifu jinsi unavyougua."

Nikamwambia avioshe yeye vikombe kama ana nafasi ya maswali.

Jumatano, 10 Aprili

Dada amempeleka Mjomba kwa daktari wa macho. Wamerudi mchana. Daktari amesema macho ni mazima kwa umri wake, abadilishe tu kioo cha kusomea, kidogo tu.

"Umesikia, Baba?" Dada alisema mbele yangu. "Macho ni mazima."

"Daktari alinionyesha herufi ukutani," alisema Mjomba. "Hakuona nilichokata."

Akarudi dirishani. Watu wawili wamekuja leo na vitabu, wote amewaambia hapokei kazi mpya.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua. Nne imeshika.

Jumatatu, 15 Aprili

Ningependa anigombeze. Zamani nilikuwa nikiinua brashi tu anasema, "Siyo hivyo." Nikikunja anasema, "Mfupa, siyo kucha," yaani nitumie kile kijiti cha mfupa cha kukunjia. Nilikuwa namwona mzee msumbufu, anayelinda ufundi wake kama mtu anayeficha sukari. Sasa siku nzima sauti pekee ni mvua na mate yangu nikimeza. Leo nimeweka gundi nyingi makusudi, ikatiririka pembeni, nikasema kwa nguvu, "Imemwagika." Hakugeuka.

Jumanne, 23 Aprili

Tano, sita. Saba imekataa mara tatu, ya nne imekubali.

Jumatatu, 29 Aprili

Nane. Lile doa la kuvu halijarudi.

Ijumaa, 3 Mei

Jua. Saa nne kamili limetoka, la kwanza tangu nianze kuunga. Nimefungua madirisha yote, karatasi zimekauka kwa siku moja zaidi ya zilivyokauka kwa wiki nzima. Nilitaka kushangilia. Kisha nikachungulia nje nikaona barabara inafuka mvuke, inakauka.

Nalihitaji jua likaushe koti, nalihitaji lisikaushe barabara. Nimesimama mlangoni nikilitukana na kulibembeleza kwa pumzi moja.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua tena. Asante, na pia hapana.

Jumatano, 8 Mei

Tisa imeshika. Zimebaki mbili, na ndizo zenye mguu. Kisu kilipita kwenye kifundo, pale ambapo uzito wote wa msichana umesimama. Ukikosea unywele mmoja anaonekana ameteguka. Nimejaribu mara mbili. Ameteguka mara mbili.

Ijumaa, 10 Mei

Mara ya tano. Ameteguka.

Jumatatu, 13 Mei

Leo niandike vizuri.

Ilikuwa mara ya saba. Nimelaza vipande, nimechovya brashi, nimeanza kupaka utepe. Mjomba yuko dirishani, mgongo kwangu, anatazama maji yakipita mtaroni. Bila kugeuka akasema:

"Punguza maji."

Nikasimama. "Umeonaje?"

"Sijaona. Nimesikia brashi. Gundi nzito inakwaruza, gundi nyepesi inateleza. Hiyo yako inaogelea."

Nikafuta, nikapaka upya. Akanyamaza, nikajua sasa inateleza inavyotakiwa. Nikasogeza kifundo kwa ncha ya sindano, nikazuia pumzi, nikakilaza. Nikaweka kioo. Nikaweka tofali.

Mtu anayesikia maji kwenye brashi akiwa amekupa mgongo, mtu huyo anasema amekwisha. Nilitaka kusema kitu. Nilifungua mdomo kabisa. Kikatoka, "Nikuletee chai?"

Alhamisi, 16 Mei

Nimeinua kioo. Amesimama. Mguu mmoja, mzima, ulimi umetoka pembeni, anakung'uta kokoto. Nilimwita Mjomba, akaja, akapitisha kidole juu ya kifundo bila kugusa. Akaondoka kwenda kunawa uso.

Jumanne, 21 Mei

Viraka vya matundu saba na mgongo mpya. Vipimo nimevichukua kwa pacha, kwa kalamu ya risasi, bila kumkata. Kisha nikampiga muhuri mwekundu mgongoni, mkubwa. Wino haukupenya.

Jumapili, 26 Mei

Mvua imekatika tangu juzi. Vumbi la kwanza limetua kwenye kioo.

Alhamisi, 30 Mei

Gari la mwanawe limefika jana, Mkunga amekuja leo asubuhi kuchukua. Nilikivisha kitabu koti mbele yake, nikaingiza masikio, nikakilaza kwenye kile kitambaa chake.

Alikitazama kwanza kwa mbali, kama anayempima mtoto uzito kwa macho. Kisha akakisogeza karibu. "Kisu kilipita wapi?"

Nikamwonyesha kifundo. Alisogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Naona uzi," alisema. "Mwembamba. Uache. Kila niliyemshona anao wa kwake." Akacheka, machozi yakamtoka, akayafuta kwa upande wa kiganja. "Kaka alisema atauchora mguu ukiwa mzima. Naona umekuwa mzima mara mbili."

Pacha naye amemwomba, atampa mjukuu. Alimnusa. "Huyu ana harufu ya kifungua kinywa."

Mjomba alicheka, kicheko cha kwanza tangu Machi. Mkunga akaona amepata nafasi. "Nina vitabu vingine viwili kwenye boksi, nitavituma. Vyako hivyo."

"Vya huyu," Mjomba alisema, akanisukuma mbele kidogo. "Mimi nimeacha. Jumatatu anakuja mtu kuchukua mashine ya kukandamizia vitabu. Kijana atatafuta karakana yenye fundi anayeona."

Mkunga alipoondoka, Mjomba alifungua droo akatoa kisu chake, kile chenye mpini uliolika kwa kidole gumba chake mpaka ukapata umbo la kidole. Akakiweka kiganjani mwangu, akakifunga kiganja kwa mikono yake miwili.

"Umenizidi," alisema.

Hili ndilo neno nililolingojea miaka miwili.

Ijumaa, 31 Mei

Kesho ni Jumamosi. Dada, ukifika hapa usiruke, usirekebishe herufi, usimtazame mtu. Soma kama nilivyoandika.

Mjomba, kisu chako nimekirudisha kwenye droo. Mashine isiondoke Jumatatu.

Jioni ile ya tarehe 19 Machi uliyarudisha sawasawa. La asili kwenye faili la bluu, pacha kwenye la kijivu. Nililiona kwa macho yangu, nilikuwa nyuma yako. Asubuhi yake, kabla hujafika, niliyabadilisha mimi. Nilikuwa na hasira ya yale maneno sita. Nilitaka ukae, utandike, uinue kisu, halafu nitokee nikwambie, "Umeona? Hata wewe hukumjua." Nilijificha nyuma ya mlango wa chumba cha nyuma nikisubiri uinue kisu. Ndipo paa likavuja juu ya vitabu vya watu, nikakimbilia ndoo, na nikiwa na ndoo nikasikia, katikati ya kelele zote zile, kisu kikipita kwenye karatasi.

Hukukosea. Ulikata kilichokuwa kwenye faili la pacha, kwenye meza yako, ukimwamini mtu wako. Na uligundua kwa pua kabla ya mtu yeyote kukwambia.

Koti nililiunga. Lile lilikuwa kosa la asubuhi moja, limeacha uzi mwembamba, mwenyewe ameupenda. Lililoharibika kweli ni jingine. Uliposema macho yako yamekwisha nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwako, mzima, na mdomo huu wote, na nikakuacha uamini. Nikakuacha ulowe mvua kwenda kujishtaki kwa Mkunga. Nikakuacha uende kwa daktari. Nikakuacha unipe kisu. Siku sabini na mbili nimeongea kila kitu isipokuwa hilo.